Samaki Aliyefunga Ramadhani

Nyamugari, Gitega, 14 Aprili 2022

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na maharage yameshika vizuri huko Muyinga, kwenye shamba letu. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaumwa. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu maneno hunikwama, na Mama Kulthumu huwa amekaa karibu.

Unajua mumewe, Mzee Houssein, ana sanduku la kioo sebuleni. Ndani mna samaki wadogo weusi wenye mshipi wa njano, wa ziwa Tanganyika. Alipokwenda Bujumbura kununua vitenge aliniachia niwatunze. Ilikuwa Ramadhani inaanza, akasema, "Adventina, nyumba hii hata samaki wanafunga." Hakucheka. Mimi, Mkristo kwenye nyumba ya watu, nikaona haya kuuliza. Basi mchana siwalishi. Nangoja adhana ya magharibi, watu wakifuturu na samaki nao nawapa.

Sasa jike mkubwa, kipenzi cha mzee, hali kabisa. Leo siku ya kumi. Kidevu kimevimba, anajificha nyuma ya jiwe. Nimemuua kwa njaa, mama. Mzee anarudi wiki ijayo. Wakinifukuza hapa kwao, nitakaa wapi nisome? Usimwambie mtu.

Mwanao,
Adventina

Muyinga, 18 Aprili 2022

Mwanangu,

Marahaba. Huku wazima, ila mbuzi amekula kamba yake. Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hadi jirani akaja kuuliza. Mara ya pili sikucheka.

Samaki hana msikiti wala kanisa. Je, wenzake wanakula? Kama wanakula, basi si njaa. Mimi nikiwa na mimba yako, miezi mitatu sikutaka kuona sahani, na baba yako alidhani nimerogwa. Mwangalie vizuri huyo jike.

Kulthumu nilichota naye maji tukiwa wasichana. Mwambie kabla mumewe hajarudi. Ukishindwa, nitakuja kumwambia mwenyewe, kwa sauti yangu hii unayoijua.

Mama yako

Gitega, 23 Aprili 2022

Mama,

Shikamoo, na poleni na mbuzi. Nimemwambia.

Barua yako ilikaa mfukoni siku mbili. Jana nilimfuata jikoni akikaanga sambusa. Nilianza kwa Kifaransa cha shule, sijui kwa nini, labda kwa Kifaransa aibu hupungua. Akasema, "Sema Kiswahili, mafuta inaungua." Nikasema yote, hadi njaa ya mchana.

Akazima moto. "We Adventina, Houssein alikuwa anacheka tu. Samaki iko na dini gani?" Akaja kuchungulia kioo, akanishika bega. "Angalia. Iko na watoto mu kinywa. Hii samaki inabeba watoto mu kinywa, haikule mpaka watoke. Bwana yangu anangoja hiyo miaka mbili."

Jike akafungua mdomo kidogo. Mama, niliona macho. Macho madogo mengi yananitazama.

Lakini wakitoka mbele ya wenzake, wataliwa. Tulimchota kwa bakuli na kumhamishia kwenye beseni lenye maji yale yale. Akishtuka anaweza kuwatema au kuwameza. Hakuwatema.

Mwanao,
Adventina

Gitega, 5 Mei 2022

Mama,

Shikamoo. Juzi nilipotoka shule nilikuta watoto wametoka. Mimi nimehesabu tisa, Mzee Houssein kumi na mbili. Mama Kulthumu anasema mumewe anahesabu hadi vijiwe. Wakishtuka wanakimbilia mdomoni kwa mama yao, naye anafungua. Nawapa mchicha wa lengalenga niliouchemsha na kuuponda laini.

Mzee aliporudi nilimwambia yote mwenyewe, mama, kwa mdomo wangu. Aliinama kwenye kioo akahesabu samaki wake, nikajua nimekwisha. Kisha akasema, "Kila mtu akipita hapa anawatupia chakula. Wanavimba tumbo wanakufa. Mwezi huu hakufa hata mmoja." Amebandika karatasi kwenye kioo: anayelisha ni Adventina tu, mara moja, magharibi.

Tangu hapo naongea hata mezani. Mama Kulthumu anasema sasa nazidisha maneno.

Mwanao,
Adventina

Muyinga, 9 Mei 2022

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii ni fupi kwa sababu nitakupa mkononi Jumamosi. Hao samaki nitawaona, lakini nakuja kumsikiliza msichana anayezidisha.

Mama yako