Watoto Watano Kwenye Picha

Nyumbani Kiminini,
Kitale.
Jumatatu, 16 Desemba 2024.

Mpendwa Senge Edah,

Mulembe, Senge, shangazi yangu. Natumaini barua hii imekukuta umekaa penye kivuli, miguu umeinua juu ya stuli kama daktari alivyokushauri. Joto la Voi linakutendeaje? Na mtoto je, bado anakupiga teke ukilalia ubavu wa kushoto? Sisi huku tunaendelea vizuri sasa. Nikisema sasa, maana yangu ni tangu juzi.

Ule ujumbe wa jana kwa simu ya Baba, "Senge usije kwanza, kuna tetekuwanga, barua inakuja," niliuandika mimi. Ulijibu, "Ati kwa sababu ya tetekuwanga? Si hiyo ni ya watoto, bana. Mama alisema sisi wote tuliugua. Nimeshakata tiketi, tuonane Jumamosi." Baba alicheka, akasema umejibu kama mama yenu, Kukhu mwenyewe. Mimi sikucheka. Unanijua, kwa simu maneno yangu ni "ndiyo" na "sawa" tu, kisha nampa mtu mwingine. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujafunga begi.

Nilimaliza mtihani wa mwisho Ijumaa ile ya tarehe ishirini na mbili Novemba, nikarudi na sanduku langu nikidhani nitalala wiki nzima. Nilimkuta mdogo wangu Levi mgonjwa. Vipele vilikuwa vimemjaa tumboni, vidogo, vyenye maji, kama matone ya mvua juu ya jani la nduma.

Kesho yake Kukhu alitandika mkeka sebuleni, akawaita watoto wa jirani, akamketisha Levi katikati ili wote waugue mara moja. Uji ulikuwa bakuli moja na kikombe kimoja. Aliniona nimesimama mlangoni, akasema, "Nabwile, nawe keti hapo umalizane nayo. Wangu wote walilala mkeka mmoja, na nani alikufa?" Niliketi, Senge. Sikuwa nimewahi kuugua.

Baba mdogo Sifuna alikuwa amekuja kutoka Bumula kutusaidia kupukuchua mahindi. Alimbeba Levi mabegani uwanja mzima. Mama alipomwonya, alisema, "Mimi mwanamume mzima niogope ugonjwa wa chekechea? Hebu nipeni na mimi huo uji!" Akanywa kweli, watoto wakashangilia. Nasikia bado ile shangwe.

Siku kumi na mbili zikapita, nikadhani nimeponea. Kisha nikashikwa na homa.

Sijui nikuelezeeje siku zile. Nililala kwenye chumba cha dirisha dogo, kile ulichokuwa ukilala wewe. Nje mahindi yalikuwa yameanikwa juu ya turubai, na kila Mama alipoyageuza nilisikia mvua ikinyesha, ingawa jua lilikuwa kali. Mlima Elgon ulikuwa ukinijia. Asubuhi uko mbali, mchana umefika kwenye ua, jioni umeketi kwenye kiti kando ya kitanda, umejifunika blanketi la ukungu na kuninyamazia. Sikuuogopa. Mwili uliniwasha hata ndani ya masikio, Mama akanivalisha soksi mikononi nisijikune. Levi, ambaye vyake vilikuwa vimeshakauka, alikuja kunihesabu vipele. "Ati vyako ni vingi kuliko vyangu!" akalalamika, kana kwamba nimemwibia.

Siku ya tatu ya homa yangu Baba alipigiwa simu kutoka Bumula. Baba mdogo, aliyekuwa amesharudi kwake, ametokwa na vipele. Siku tatu baadaye tukasikia amelazwa Bungoma, hapumui vizuri. Nilimsikia Kukhu sebuleni akisema, "Haiwezekani. Wangu wote waliugua." Baba akamjibu polepole, "Mama, Sifuna alikuwa hajazaliwa."

Senge, unaikumbuka ile picha ya ukutani, iliyo juu ya redio? Ile ya watoto wamesimama mbele ya ghala la mahindi, wamepakwa dawa nyeupe usoni na mikononi mpaka wanafanana na mizimu inayocheka? Kukhu huionyesha kila mgeni. "Hawa ni wangu wote, mwaka wa tetekuwanga." Mchana ule walishuka kutoka ukutani, wakaja mmoja mmoja kuketi kitandani kwangu, weupe. Nafasi ikabana. Niliwahesabu ili nipate usingizi. Baba alikuwepo, ana miaka kama ya Levi. Baada yake wengine wanne. Nikangoja wa sita aingie, na mlango ukabaki wazi, na mahindi yakaendelea kunyesha nje. Wewe hukuja.

Homa iliposhuka nilidhani ni ndoto tu. Niliamka nikishika ukuta, nikaenda kuitazama picha. Ni watano, Senge. Baba mdogo hayumo kwa sababu hakuwa amezaliwa. Wewe ulikuwa umezaliwa, na humo.

Ilinichukua siku nzima kupata ujasiri wa kumuuliza Kukhu. Nilimpelekea picha jikoni, nikasema tu, "Kukhu, Senge Edah yuko wapi hapa?" Aliishika karibu na macho. Akaweka kidole kwenye nafasi iliyo kati ya Baba na dada yake. "Hapa ndipo angesimama," akasema. "Alikuwa Sirisia kwa dada yangu, akimtunzia mtoto." Kisha akaendelea kuitazama mpaka ugali ukaungua. Sijawahi kuona ugali wa Kukhu ukiungua.

Juzi, vipele vyangu vyote vilipokauka, Baba alinipeleka Bungoma kumwona baba mdogo. Alikuwa amekaa siku nne na hewa ya mtungi, sasa ametolewa. Amekonda na sauti yake imekuwa nyembamba. Alinipungia mkono, akanong'ona, "Chekechea imenishinda." Nilienda nje kulia.

Muuguzi anayemhudumia, Sista Jepkosgei, alinikuta huko. Nilimuuliza mambo yako yote, mimi mwenyewe, kwa sauti. Alisema wengi wakiugua utotoni hupona vizuri, ingawa wapo watoto wanaozidiwa. Mtu mzima ugonjwa unaweza kumshukia mapafuni kama baba mdogo. Kwa mama mjamzito ni hatari zaidi, na akiupata karibu na kujifungua mtoto anaweza kuzaliwa nao, naye hana nguvu za kupigana. Tena mgonjwa huambukiza siku moja au mbili kabla hata kipele cha kwanza hakijaonekana. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama uliwahi kuugua. Muulize daktari wako huko. Labda uliupatia Sirisia, sijui. Lakini usikitegemee kile Kukhu alichosema, maana hata yeye sasa hakitegemei.

Na haujaisha huku. Leo asubuhi Wacuka, mtoto wa jirani aliyecheza humu ndani jana, ameamka na vipele.

Najua umemngoja mtoto huyu miaka tisa. Najua pia ulitaka kula Krismasi hapa, na Kukhu alishakutengea yule jogoo mwekundu. Amemfungulia, anatembea uwanjani kama chifu. Nilipomwambia nakuandikia, alisema, "Mwambie mamake ndiye amesema asije. Mwambie pia kwamba mamake alihesabu vibaya."

Baba na Mama wanakusalimu. Levi anasema umletee mtoto wa kiume, wa kike wapo wa kutosha. Baba mdogo Sifuna anakusalimu kwa kunong'ona. Msalimie sana mumeo. Mungu akufunike wewe na huyo uliyembeba, mpaka siku mtakapokuwa wawili.

Ndani ya bahasha nimetia ile picha. Kukhu mwenyewe aliishusha ukutani. Ihesabu kwa kidole chako, kisha urudishe tiketi. Msumari tumeuacha pale juu ya redio, hakuna kitakachotundikwa. Utakuja kuirudisha wewe, ukiwa na mtoto mgongoni, sisi tukiwa wazima wote.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda kuliko anavyoweza kusema kwa simu,

Nabwile