Lori la Umeme na Mteremko wa Mau Narok

Ijumaa jioni, Kiamunyi. Mvua inapiga mabati tangu nifike nyumbani na stima haijapotea, hiyo ni ajabu ya kwanza. Ajabu ya pili ni mimi: siwezi kukaa chini. Nimechemsha chai mara mbili na mara zote mbili nimeisahau jikoni. Mume wangu, Baba Tasha, ameniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Karibu hivyo, nimemwambia.

Wacha nianze mwanzo, maana mtu akifika hapa bila kunijua atadhani nimerukwa na akili.

Kazi yangu ni kusafirisha mizigo. Babu alikuja Nakuru kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, baba akaendesha lori, na mimi nikabaki na lori moja la dizeli na dereva mmoja, Mzee Kirui, aliyefundishwa kazi na baba mwenyewe. Tunabeba viazi vya wakulima wa Mau Narok hadi soko la hapa mjini. Juzi juzi injini ikafa. Kununua nyingine kungemeza akiba yangu yote. Nikiwa bado nalia, kampuni moja ikaniazima lori la umeme nilijaribu wiki hii, hadi leo. Nikilipenda, akiba ile ile inakuwa malipo ya kwanza. Nisipolipenda, nalirudisha na kununua injini.

Akiba ni moja. Siwezi kukosea.

Na Jumatatu tulikosea vibaya. Mzee Kirui alikwenda nalo peke yake, akapakia vizuri, akateremka, kisha likaisha chaji kwenye tambarare kabla ya Njoro. Likavutwa na trekta! Watu wakalipiga picha wakicheka. Viazi vilifika sokoni wanunuzi wameshaenda. Mama Chebet, ambaye ndiye kiongozi wa kikundi cha wale wakulima, alinipigia hata kabla sijapata maneno ya kuomba msamaha.

"Mama Tasha, nakupenda, lakini viazi vyangu havijui kungoja. Ijumaa ukiniangusha tena, natafuta mtu wa dizeli."

Mzee Kirui naye hakunisaidia. "Hii ni simu yenye magurudumu," akasema. "Itatufia tena." Nilikasirika sana, na sababu ya hasira ni kwamba niliogopa anasema kweli.

Kwa hivyo leo nimepanda naye.

Tulipanda mlima na lori tupu, kimya kimya, mpaka nikawa nasikia kikohozi cha mzee. Kila kona namba ya chaji kwenye kioo ilipungua. Tulipofika juu, baridi ya Mau Narok ikatupokea na Mama Chebet akatupokea na uso baridi kuliko hiyo. Alilitazama lori kama mkwe asiyemtaka. Magunia yakapakiwa. "Mungu awasaidie," akasema, na sikusikia kama ni baraka.

Halafu mteremko. Mzee Kirui akafanya kile ambacho kila dereva wa barabara ile hufanya: akatoa gia, akaweka free, magurudumu yakajizungukia yenyewe na uzito wa viazi ukatuvuta. Ndivyo watu huokoa dizeli. Baba alifanya hivyo maisha yake yote, nami nikiwa mtoto nilikaa kwenye kiti hicho cha pembeni nikidhani hakuna ufundi mkubwa kuliko huo. Kwa vibanda vya chai, dereva anayeweza kuteremka mbali zaidi na free ndiye anayeheshimiwa. Sikuona kosa lolote.

Mpaka nikasikia harufu ya breki. Nikatazama dashibodi. Kulikuwa na mshale mdogo wa kijani wa kuonyesha betri inachaji. Ulikuwa umewaka mzee alipoinua mguu kwenye pedali ya mwendo, na alipoweka free ukazima.

"Mzee, rudisha gia."

"Tutamaliza chaji yote."

"Rudisha tu, tafadhali."

Akarudisha, amenuna. Lori likajishika lenyewe, mwendo ukapungua bila breki, na mshale ukawaka tena. Kumbe ile mota ikizuia magurudumu inatengeneza umeme na kuurudisha kwa betri! Watu wa kampuni walitueleza siku ya kwanza, na sisi tukaitikia ndiyo, ndiyo, kama waumini wanaongoja sadaka iishe.

"Inapanda! Mzee, namba inapanda!" Nilipiga kelele mpaka punda wa kando ya barabara akashtuka. Aki sijui niseme nini. Fikiria: sisi hupanda bila mzigo na kushuka na mzigo. Kadiri gunia lilivyo zito, ndivyo linavyotulipa. Jumatatu tulikuwa tunaumwaga umeme wote huo barabarani, kwa ufundi!

Lakini mkono wa mzee haukutaka kuelewa. Kila tulipofika mteremko ulienda wenyewe kwa free. Mwishowe nikaweka kiganja changu juu ya gia, yeye akaweka chake juu ya changu, tukashuka hivyo. Akacheka, mara ya kwanza wiki hii.

"Baba yako angenichapa."

"Kwa nini?"

"Alinifundisha free ni mafuta ya bure."

Nikatazama mashamba ya ngano.

Pale trekta ilipolivuta lori Jumatatu tulipita kama hatupajui. Sokoni madereva wa malori ya dizeli walikuwa wanatungoja. Si husemwa aliye juu mngoje chini? Walitaka kucheka. Wakakuta wanunuzi wapo, viazi vinashushwa, na chaji imebaki ya kutosha kunifikisha nyumbani. Mama Chebet nilipompigia akasema, "Basi Jumatatu uje mapema." Kwake hiyo ni pongezi.

Dereva mmoja akamuuliza Mzee Kirui, "Boss, kweli hiyo kitu inapanda Mau?"

"Kupanda, hata nyinyi mnapanda," akajibu. "Njooni niwafundishe kushuka."

Nimeamua. Nimeshawaambia kampuni lori halirudi, na akiba inaenda huko. Ninaogopa? Ndiyo. Lakini limesimama hapa nje sasa hivi likichaji, huenda kwa stima ya mvuke wa ardhini kule Olkaria, na badala ya kulala njaa nikiwaza bei ya dizeli, nachungulia dirishani kama bibi harusi.

Simu imelia nikiandika haya. Ni Mzee Kirui, yule wa simu yenye magurudumu. Hakunisalimia hata. Ameuliza tu kama mtu aliyeacha ng'ombe wake kwa jirani:

"Inakula?"

Inakula, mzee. Inakula vizuri.