Radi Haisubiri Feni

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: Taa ya projekta, ukumbi wa kikundi, Kizwite

Jina: Albina Modesti Sangu
Umri: Miaka 57
Kazi: Mwalimu mstaafu, mwandishi wa makala magazetini
Makazi: Kizwite, Sumbawanga

Mimi ni mwenyekiti wa kikundi kinachoendesha ukumbi huo. Kabula Mayunga, mliyemweka mahabusu tangu jana, ndiye mwendeshaji wetu wa projekta. Kwao ni Muze, kwa wafugaji. Mweka hazina wetu, Bwana Adriano, anadai Kabula aliuza taa mpya akachomeka mbovu. Si kweli.

Mwezi wa tisa taa ya kwanza ilififia hadi sura za watu ukutani zikawa za njano. Fundi mmoja alitushauri tununue yoyote inayoingia. Kabula alikataa. Aliifungua ile ya zamani iwe sampuli, tukapanda basi hadi Mbeya, mimi na yeye. Duka la kwanza walitupatia taa isiyo na namba. Aliirudisha mezani bila ugomvi. Ugomvi niliufanya mimi. Duka la pili tulipata inayolingana na mashine yetu, boksi halijafunguliwa.

Aliifunga mbele yangu, akiishika kwa kitambaa ili vidole visiguse kioo. Tangu hapo alisafisha chujio la hewa la projekta kila wiki, maana upepo wa kiangazi huku Ufipa hutia vumbi hata ndani ya Biblia iliyofungwa.

Mnamo Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, alasiri, Kabula alikuwa akionyesha somo la magonjwa ya ng'ombe. Wakulima wa mahindi na wafugaji walikaa benchi moja, watu ambao mwaka juzi walishitakiana kwa ajili ya mashamba. Radi ikapiga upande wa milima ya Mbizi. Kwetu radi ikilia, umeme huzimwa kwanza, maswali baadaye. Bwana Adriano alikimbilia swichi kuu. Kabula akamwambia, "Baba, ngoja feni iipoze taa kwanza."

Akajibu, "Radi haisubiri feni, binti."

Akakata. Ngurumo ilipopita akarudisha umeme, akaiwasha projekta mwenyewe, taa ikiwa bado ya moto. Tulisikia mlio kama wa bisi kwenye sufuria, picha ikapotea. Mtu wa benchi la nyuma alisema radi imeikosa taa, mzee ameipata. Watu walicheka. Bwana Adriano hakucheka. Jumapili alikuja hapa kushitaki. Nilipomuuliza sababu, alisema hawa watu wa ng'ombe hawaaminiki.

Mimi ni Mfipa, mzaliwa wa Mwazye, na sikubali aibu ya mtu mmoja ifunikwe kwa kabila la mwingine. Afande ameniomba niache hotuba. Nimeacha.

Ninakabidhi boksi la taa. Namba yake ilinganishwe na ya taa iliyopasuka, ambayo imo ndani ya projekta hapo mezani kwenu. Nimeandika makala nyingi nikiuliza nchi hii inalea vijana gani. Jibu mmelifungia chumba cha nyuma.

Niliyoyaona ndiyo niliyoyasema, na nitayarudia mahakamani nikiitwa.

Sahihi: A. M. Sangu
18 Novemba 2024

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, ameyakubali baada ya kunitaka nirudishe sentensi mbili nilizofuta. Namba ya boksi na ya taa ni moja. Kwa idhini ya mkuu wa kituo, Kabula Mayunga ameachiwa. Alipotoka, kabla hajavaa viatu, aliuliza kama projekta ilifunikwa vumbi lisiingie. Haikuwa imefunikwa. Shahidi amenitaka niliandike na hilo. Nimeliandika.

Koplo Enock