Sukuma, Mama!

Hope, mbona hupokei simu? Basi soma yaliyonikuta.

Yule ndege wangu jike, kokateli Pendo, leo yai limemkwama. Alikuwa chini ya tundu, amevimbisha manyoya, hata kusimama hawezi. Nikamwingiza bafuni, nikafungulia maji ya moto apate mvuke. Hofu ikanizidi, nikaanza kupiga kelele: "Sukuma, mama! Sukuma, usinifie!"

Dirisha lilikuwa wazi, Hope. WAZI!

Ghafla mlango ukasukumwa. Mama Elirehema, jirani yangu mkunga mstaafu, amevaa glovu kabisa! Nyuma yake akina mama wawili wa jumuiya yetu ya kanisani na kanga na chupa ya uji.

"Nani anajifungua humu?"

Nikaonyesha taulo nililomlazia Pendo. "Shikamoo mama. Ni ndege."

NI NDEGE! Nilitamani ardhi inimeze.

Nikajua atanitukana. Wapi! Akasema, "Sogea," akampaka Pendo mafuta kidogo, tukangoja. Yai likatoka! Vigelegele mpaka mtaa mzima wa Sokon One ukasikia.

Wakati wa kuondoka akauliza, "Baba mtu yuko wapi?"

Nikamwonyesha dume sebuleni, anajitazama kwenye kioo na kupiga mluzi.

Akatikisa kichwa. "Kumbe hata hawa!"