Spika ya Nyuma

Kaka yangu,

Sisi wazima. Macho ya mama yamezidi kufifia, na paka amezaa tena.

Ile santuri ya marehemu baba tunaitoa upya, sauti itoke kwenye spika tano kuzunguka chumba. Kampuni yenyewe ni mimi na fundi mitambo, na wateja wenye spika tano nawahesabu kwa vidole. Utepe wa zamani waliorekodia studio ulikuwa unanata. Fundi akaupasha moto kwenye oveni ili ukauke, akaniambia, "Utacheza mara moja tu, tuudake kwenye kompyuta hapo hapo."

Tukaudaka, sauti ya kila ala peke yake. Katika wimbo wa tatu, nyuma ya gitaa la baba, kuna mtoto anasema, "Baba, twende nyumbani." Ni wewe. Miaka yote hiyo ngoma zilikufunika.

Fundi anasema ni kasoro, niifute. Nimeiweka spika ya nyuma. Mama aliposikia, aligeuka akautazama mlango.

Msibani hukuja, sikulaumu. Fomu ya warithi hii hapa, utie sahihi ukipata nafasi. Mama haulizi tena utarudi lini. Anaomba tu nimwekee wimbo wa tatu.

Ni mimi, mdogo wako