Mkono Wangu Juu ya Kichwa cha Mtawa

Mama Naserian,

Kwa unyenyekevu mkubwa nachukua nafasi hii kukutangazia wewe, jamaa zako wote wa Machakos na marafiki popote walipo, kwamba kofia yangu ya Jumapili haiko nasi tena. Imeliwa na beberu wako. Ibada fupi ilifanyika zizini. Beberu alihudhuria, na hakuonyesha majuto yoyote.

Sasa habari yenyewe. Jumamosi nilienda kwa watawa.

Unajua nilivyokuwa nikikwepa. Kila wiki ukiingia kwenye ile nyumba yao ya mawe, iliyojengwa Kitengela ikiwa bado nyika ya nyumbu, mimi nilikungoja ng'ambo ya barabara na mbuzi choma yangu. Ukitoka, uso umetulia, unaniuliza, "Umemaliza kuongea na mji mzima?" Halafu kule hospitalini ukaniachia kazi: "Ukakae pale kwa niaba yangu. Ukae tu, Baba Naserian. Mdomo ufunge."

Tangu tukuzike nimefika kwa lango mara nyingi, nikageuka. Niliogopa kimya. Kile cha nyumbani kilikuwa kimenitosha.

Naserian nimemwambia nilikaa kama malaika. Wewe siwezi kukudanganya, ulishanizoea.

Niliingia kichwa wazi, kwa hisani ya beberu. Ni vile ulivyosema: varanda ya nguzo imezunguka bustani ndogo, kuna baridi tamu, na malori ya Namanga yanasikika nyuma ya ukuta kama shida za watu wengine. Nikatembea polepole, nikijiona mtakatifu. Mara kwenye kona akatokea mtawa mfupi, kofia ya kanzu imemfunika, anaomba, kichwa ameinamisha mbele ya kifua changu. Sasa, wewe Mkamba ilikuchukua muda kuzoea watoto wetu wa Kimaasai wakikuletea vichwa uwaguse ndiyo salamu. Mimi nimezaliwa nayo. Mkono ulienda wenyewe! Nikamwekea kiganja utosini, nikasema kwa sauti ya mzee wa boma, "Sopa, kijana!"

Akainua uso. Ndevu nyeupe kabisa. Huyo angeweza kunizaa.

Nikauondoa mkono haraka. Akanitazama, akaitikia kwa kunong'ona, "Epa, baba," kama mtoto mwenye adabu, halafu tumbo likaanza kumtikisika kwa kicheko. Nami nikacheka. Sijacheka hivyo tangu uende. Nilicheka mpaka nikashika nguzo, mpaka machozi, na mahali fulani katikati machozi yakaacha kuwa ya kucheka. Mzee akanishika bega mpaka yakaisha, kisha akaenda zake na sala yake.

Nikakaa kwenye benchi. Kimya kikarudi, nikakiacha. Hakikuwa kile cha nyumbani. Hiki ulikuwa umekikalia wewe. Bado kilikuwa na joto. Sikusema neno mpaka kengele ikalia. Mimi, Mama Naserian!

Lala salama, mke wangu. Jumamosi narudi. Mdomo nitaufunga, na mikono nitaiweka mfukoni.