Maji Niliyoyapaka kwa Vanishi

Mjukuu wangu Halima,

Salamu kutoka hapa Shauri Moyo. Nyanya yako goti linamsumbua, mdomo haujambo kabisa. Shangazi yako amejifungua mvulana, ana masikio yangu.

Umeniuliza kama uubadilishe mchoro wako kwa kuwa wenzako chuoni wameucheka. Basi sikiliza. Miaka ya sabini, karani mmoja wa reli aliyestaafu alikuwa na treni ndogo za mfano zilizojaa sebule nzima. Alitaka zifike bandari ya Kisumu, mji alioujua kwenye tikiti tu. Nani aitwe? Mimi, fundi wa mbao asiye na mpinzani Gikomba! Nikajenga gati, nikaweka na magunia madogo. Maji nikayapaka rangi ya matope yenye ukijani, juu yake nikapiga vanishi mara saba.

Mzee akawaka. "Fundi, ziwa ni buluu! Hata kwenye ramani. Paka upya, la sivyo toka!"

"Mzee, mimi nimebeba magunia pale gatini. Maji yake nayajua. Sipaki."

Nikaanza kukusanya vyombo vyangu. Mkewe, mzaliwa wa Kisumu, akaingia kutuamua. Alipoiona bandari alisahau ugomvi. Akaisogelea, na kabla ya kuinama aitazame vizuri, akakunja mkono wa gauni lake usilowe.

Mzee alimtazama, akanitazama mimi, akaenda mwenyewe kuniletea chai.

Kwa hiyo mchoro wako usiuguse kwanza. Mwonyeshe mtu anayeishi mahali ulipopachora.

Ni mimi babu yako, ambaye hajapaka upya mpaka leo.